Kabla ya kuseti tapeti za lori la zamani

Lori lililoingia jioni lisifunguliwe injini mpaka kesho yake asubuhi. Vipimo vya tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya valvu na roka (mkono unaoisukuma valvu), mara nyingi ni vya injini baridi, na chuma chenye joto kitakupa nafasi ya uongo.

Vipimo vyenyewe vitafute kwa injini iliyomo, si kwa jina lililo mlangoni. Malori mengi ya zamani yamekwisha kubadilishwa injini, hivyo soma kibao cha kwenye bloku. Cummins ya lita 5.9 yenye valvu 12 inataka milimita 0.25 kwa inteki (valvu ya kuingiza hewa) na 0.51 kwa ekzosi (valvu ya kutoa moshi); Mercedes-Benz OM352 inataka 0.20 na 0.30. Ekzosi hupewa zaidi kwa sababu hupata moto mkali na kurefuka zaidi.

Usingoje kelele. Tapeti iliyolegea hugonga, kila mtu huisikia. Iliyobana iko kimya, na hiyo ndiyo mbaya: valvu hupoa kwa kulalia siti yake, ikizuiwa kukaa sawasawa ukingo wake unaungua na komprisheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inavuja.

Andaa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) isiyopinda wala kuwa na kutu, spana ya ringi inayokamata barabara nati za skrubu za roka, bisibisi pana, chaki, na gasketi mpya ya kifuniko cha roka. Futa vumbi juu ya injini kabla ya kufungua, maana mchanga ukidondoka humo unaishia kwenye oili. Weka vizuizi magurudumuni, gia iwe huru, waya hasi wa betri utolewe.

Kifuniko kikitoka, usikimbilie geji. Pitisha kidole kwenye uso wa kila roka unaogusa valvu. Ukisikia kishimo, hata kidogo, geji italala juu ya kingo zake kama daraja, isipime kilicho chini, utaseti 0.30 na nafasi halisi itakuwa kubwa kuliko hapo. Roka hiyo isawazishwe usoni au ibadilishwe. Pushirodi (fimbo inayoisukuma roka) unayoitilia shaka ibingirishe juu ya kioo: iliyopinda itarukaruka. Nati inayoendelea kuzunguka bila kukaza, hata kwa spana, haina meno ya kuaminika. Na kama hedi (kichwa cha injini) ilifunguliwa karibuni na inadaiwa kukazwa upya, ikaze kwanza, kwani kuikaza baadaye kutabadilisha nafasi zote.

Andika mpango wa kuwaka, yaani zamu za silinda, kwenye karatasi. Kwa silinda sita za mstari ni kawaida 1-5-3-6-2-4, na wenza, ambao pistoni zao hupanda na kushuka pamoja, ni 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Zungusha injini kwa mkono, upande inaokwenda yenyewe. Ekzosi ya 6 ikimalizia kupanda huku inteki yake ikianza kushuka, silinda ya 1 iko tayari; roka zake zote mbili zitachezacheza. Iseti, itie chaki, kisha zungusha theluthi moja ya mzunguko uiseti ya 5, ukiangalia ya 2. Ukipitiliza, rudisha robo mzunguko uje upya.

Geji ipite kwa kukwaruza kidogo, isisukumwe kwa nguvu. Shikilia skrubu kwa bisibisi unapokaza nati, halafu pima tena, kwa sababu nati huivuta skrubu pamoja nayo.