Kuziba mlango wa ndani kwenye nyumba ya zamani

Ukiziba mlango wa ndani, ng'oa fremu yote ila linta (boriti ya juu ya mlango) usiiguse, ndiyo iliyobeba ukuta wa juu. Tundu la sentimita 90 kwa 210 linakula tofali kama 20 za saruji za inchi 5, ukihesabu na zitakazovunjika.

Ufa wa kusimama pembeni ndio ugonjwa wa kazi hii, maana ukuta mpya haushikani na wa zamani. Bandua lipu pande zote mbili sentimita 15, kisha kila kozi (mstari wa tofali) ya pili toboa ukuta wa zamani sentimita 10, uchomeke kipande cha nondo ya milimita 8 kwa udongo wa saruji (saruji na mchanga), sentimita 30 zibaki nje zilale kwenye kozi.

Kwa jua la Dodoma, lowesha tofali na kingo za zamani kwanza. Zikiwa kavu zinanyonya maji, saruji haishiki. Changanya ndoo 1 ya saruji kwa 5 za mchanga. Chini ya linta acha sentimita 2, ushindilie udongo wa saruji mkavukavu baada ya siku 3, ukuta ukishatulia. Kabla ya lipu, pigilia wavu wa kuku juu ya maungio.