"Sorry" yao si "pole" yetu: neno dogo la kuangalia ukiwa ughaibuni

Wiki yangu ya pili kazini, kwenye nyumba ya kulea wazee katika mji mmoja wa katikati ya England, bibi mmoja alijimwagia chai mkononi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza nakunja taulo. Nikamkimbilia huku nikisema "sorry, sorry, sorry", nikamshika mkono nikauweka chini ya bomba la maji baridi. Ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu kidogo tu. Baadaye msimamizi wa zamu akaniita pembeni na kuniuliza, tena kwa sauti ya upole kabisa: "Umemfanyaje?" Nikamwambia sijamfanya kitu, kikombe kilimponyoka mwenyewe. "Sasa mbona ulikuwa unaomba msamaha?" Kwenye fomu ya tukio alikuwa ameshaandika kwamba mhudumu ameomba radhi. Ilibidi tukae wote wawili tuisahihishe.

Ingekuwa nyumbani Tanga ningesema "pole, bibi", mambo yakaishia hapo.

Nimeishi huku miaka mingi tangu siku ile na bado naona ndugu zetu wanaponzwa na neno hilo hilo: kazini, barabarani, shuleni kwa watoto. Kiingereza chao ni kizuri tu. Taabu ni kwamba sisi tuna maneno mawili mahali ambapo Mwingereza ana moja, na tunapotafsiri, lile moja linabeba mzigo ambao hatukuukusudia.

Pole ni kumwambia mtu nimeyaona yaliyokupata na niko nawe. Haiulizi nani kasababisha. Ndiyo maana tunasema pole na kazi, pole na safari, pole kwa kuuguza, hata pole na foleni, na mwenzio anajibu "nimeshapoa" au "asante". Samahani ni nyingine kabisa: nimekukosea, au nataka kukusumbua kidogo. Kosa likiwa zito tunapanda hadi kunradhi, niwie radhi, naomba unisamehe. Mtoto wa Kiswahili wa miaka minne hachanganyi pole na samahani. Kiingereza kimeyatia yote kwenye chungu kimoja.

Cha ajabu, kwa asili neno lao lilikuwa karibu zaidi na pole. Linatokana na neno la Kiingereza cha kale "sarig", lililomaanisha mtu mwenye maumivu au huzuni, kutoka "sar", yaani maumivu au kidonda. Ni ukoo mmoja na "sore" ya leo. Wengi hudhani limezaliwa na "sorrow", lakini mizizi yao ni tofauti; yamekaribiana tu kwa sura na maana. Kwa hiyo aliyesema "sorry" zamani alikuwa anasema: mimi nimeumia. Maana ya kuomba msamaha imekuja kukalia kiti cha mbele, na hiyo ndiyo anayoisikia kwanza mtu wa leo pale jambo linapokuwa dogo.

Shikilia hapo kwenye udogo wa jambo, maana ndipo penye ufunguo. Balaa likiwa kubwa, kama msiba, ugonjwa au mtu kufukuzwa kazi, "I'm sorry" inaeleweka vizuri kabisa kuwa pole. Hakuna atakayedhani wewe ndiye uliyemuua baba yake. Lakini mtu akijikwaa, akiangusha simu, akijikata kidole jikoni, "sorry" tupu itamfanya ageuke akuangalie, kisha atakwambia "It's not your fault", na wewe utabaki unajiuliza nani kazungumzia kosa. Kwa mambo madogo, pole ya Kiingereza ni swali: "Oh no, are you all right?" Umeonyesha kuguswa, na hujajitwika lawama. Kwa habari unayosimuliwa, sema "I'm sorry to hear that". Yale maneno matatu ya mwisho yanafanya kazi kubwa, kwani yanaonyesha habari imekufikia tu, hukuwepo. Kwa mgonjwa ni "I hope you feel better soon". Na pole na kazi? Haipo. Nimeitafuta miaka yote hii sijaipata. Ninachofanya ni kumwambia mtu "You've had a long day", au kumpokea mfuko mmoja mkononi.

Walioko kwingine wana bahati kidogo. Mholanzi ana "sterkte", kumtakia mtu nguvu, inayokaribia sana pole ya msiba na ya ugonjwa. Mjerumani ametenganisha: "Entschuldigung", ambayo ndani yake mna neno la hatia, na "tut mir leid", inayosema jambo hili linaniuma. Mfaransa atamtakia mtu aliye kazini "bon courage", na ndugu wa Kongo wanalijua hilo tangu utotoni. Walioko Ghuba ndio wako nyumbani kabisa: ukimkuta mtu kazini unamwambia "yaatik al-afya", Mungu akupe afya, na hiyo ndiyo pole na kazi yenyewe.

Sasa barabarani, ambako neno hili linaweza kugusa fedha. Ukigongana na gari jingine, mazoea yetu yatakusukuma ushuke na kuanza "sorry, so sorry" hata kama ni wewe uliyegongwa. Sheria za nchi mbalimbali zimelazimika kulishughulikia neno hili. Kwa England na Wales, sheria ya fidia ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kukiri uzembe. Ontario, Kanada, ilitunga sheria yake mwaka 2009, nayo inakwenda mbali zaidi: kuomba radhi hakuharibu hata bima yako. Marekani majimbo mengi yana sheria zao za namna hii. Massachusetts lilitangulia mwaka 1986, na inasimuliwa kwamba mwanzo wake ulikuwa baba mmoja, seneta wa jimbo, ambaye binti yake aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli akafariki. Dereva hakuwahi kutamka neno la kusikitika, kwa kuhofia lingetumiwa dhidi yake mahakamani.

Sheria ya California, ya mwaka 2000, ndiyo ninayopenda kuwaonyesha wageni. Katika kesi ya madai, maneno ya kumhurumia aliyeumia au aliyefiwa hayawezi kutumiwa kama ushahidi kwamba umekiri kosa, lakini maneno ya kukubali kosa hayana kinga hiyo. Yaani watunga sheria walikaa wakakata neno moja vipande viwili: huku pole, huku samahani. Kwa hiyo ukiwa kwenye ajali, zungumza habari za mtu, usizungumze chanzo. "Are you hurt? I'm calling an ambulance." Hiyo ni pole kamili. Usiongeze "I didn't see you" kwa sababu tu kimya kinakutisha. Kama kosa ni lako utawaeleza polisi na bima ukweli wote, na sikushauri kuficha kitu. Nasema tu usikiri kwa bahati mbaya kosa ambalo si lako.

Na sisi tunaofanya kazi za malezi na hospitali tujue pia upande wa pili: kwa England, tangu 2015, kila mtoa huduma anayesimamiwa na mkaguzi wa afya anawajibika kisheria kumweleza mgonjwa au familia yake pale madhara makubwa yanapotokea, na kuomba radhi. Hapo mwachie msimamizi aanze, na andika ulichokiona kwa macho yako, si ulichokihisi.

Nije kwenye barua, maana huko visawe vya "sorry" ndiko vinakotofautiana kweli. "We regret to inform you" maana yake umekataliwa. Usiendelee kusoma ukitafuta tumaini aya ya tatu, nenda moja kwa moja kwenye tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. "Regret" ni kusikitika kwamba jambo limetokea, bila kusema nani alilifanya. "Apologise" ni kuomba radhi, na mwenye kuomba radhi amekubali kwamba kuna kitu chake ndani ya jambo hilo. Ukimlalamikia mwenye nyumba juu ya ukungu ukutani akajibu kwamba "anasikitika", bado hajakubali chochote. Ihifadhi barua hiyo na uandike tena.

Tofauti hiyo sisi watu wa Afrika Mashariki tumeionja. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, aliliambia bunge kwamba serikali inatambua Wakenya waliteswa wakati wa Mau Mau na inasikitika kwa dhati. Malipo kwa wadai 5,228, pamoja na gharama za kesi, yakafika pauni milioni 19.9. Ilikuwa "regret". Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles akiwa Nairobi alizungumzia huzuni kubwa na majuto mazito, akasema ukatili ule hauna kisingizio, lakini neno la kuomba radhi halikutoka. Kesho yake, Songea, mbele ya wajukuu wa mashujaa wa Maji Maji, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda mababu zao. Siku mbili mfululizo, nchi mbili jirani. Aliyesema "regret" alikuwa amefikia pole akasimama hapo. Ukitafsiri habari kama hizi kwa wazee nyumbani, tafadhali usiandike "Mfalme aomba radhi". Hakuomba.

Mitego mingine ni midogo. "Sorry?" yenye sauti ya kupanda ni "sikusikia, sema tena". "I'm sorry, but" ni kukataliwa kunakokuja. "You'll be sorry" ni kitisho, utajuta. Na usije ukamwambia mtu "I feel sorry for you" ukidhani umemhurumia. Masikioni mwake unaweza kuwa umemdharau.

Kwenye msiba, mwenzako wa kazi akifiwa, "I'm so sorry for your loss" yatosha. Usimuulize mzee aliugua nini, jambo ambalo kwetu ni heshima. Kadi itazungushwa ofisini, kila mtu aandike mstari mmoja na jina. Na ukifiwa wewe, wakikwambia hayo, jibu ni "thank you". Usiseme "it's okay", hata kama nafsi yako inataka kuwapunguzia mzigo. Mwaka nilipompoteza mama, mwenzangu mmoja wa zamu, Mwingereza, aliniambia "I'm so sorry for your loss" mlangoni, kisha bila kusema zaidi akanipokea troli ya chai akaisukuma yeye hadi mwisho wa korido.