Namna ya Kuanzisha Kundi la Watazamaji wa Star Trek Jijini Mbeya

Shabiki anayetaka kuwavuta wenzake wa Mwanjelwa au Iyunga waipende Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya kubuni kuhusu safari za anga za mbali, asianze na sehemu zilizorushwa Marekani mwaka 1966, kwa kuwa mapambo na mavazi ya wakati ule huwachekesha wageni kabla hawajasikiliza. Aanze na sehemu moja inayojitosheleza. Tamthilia ya awali, iliyobuniwa na Gene Roddenberry, ina sehemu 79 ambazo nyingi hazitegemeani, ndiyo maana hata baada ya kusitishwa mwaka 1969 vituo vya televisheni viliendelea kuzirudia, na mapenzi ya mashabiki yakazidi kukua hadi wakakutanika kwa wingi New York mwaka 1972.

Kwa watazamaji wetu napendekeza “Darmok” ya mwaka 1991, kutoka Star Trek: The Next Generation, tamthilia iliyokuja baada ya ile ya awali. Humo Kapteni Picard, nahodha wa chombo cha anga, anakutana na watu ambao maneno yao yanatafsirika yote, lakini maana haipatikani, kwa sababu kila wanachosema ni dokezo la kisa cha kale ambacho mgeni hakijui. Mtu aliyekua akisikia mafumbo ya wazee huenda akamtangulia Picard kung’amua tatizo, na furaha hiyo ya kumtangulia nahodha haipatikani kwa maelezo marefu ya shabiki mkongwe. Sehemu ya pili iwe “The Measure of a Man” ya mwaka 1989, ambamo shauri linasikilizwa ili kuamua kama Data, aliyeundwa kwa mashine, ni mali au ana haki ya kukataa kutenganishwa vipande vipande na mtafiti.

Asiyefuata Kiingereza vizuri asaidiwe, ila si kwa mtindo wa mabanda ya video, ambako mfasiri huzungumza juu ya sauti za waigizaji. Hapa utamu umo katika majibizano, hivyo inatosha kusimamisha picha mara mbili tatu na kueleza. Mwandaaji atumie nakala halali, watu wakutane nyumbani bila kiingilio, na mwezi wa Juni au Julai waanze alasiri, maana baridi ya usiku hufupisha mazungumzo.

Sehemu moja huchukua takribani dakika 45. Zitengwe saa mbili, ili mabishano yapate nafasi kubwa kuliko picha yenyewe, na atakayepinga kwa nguvu kuliko wote apewe haki ya kuchagua sehemu ijayo.