Kabla hujahamisha matairi, yasome kwanza

Matairi ya mbele na ya nyuma hayachakai sawa. Ya mbele ndiyo yanayokata kona, ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mzigo wa breki, na kwenye magari mengi madogo ndiyo pia yanayovuta gari. Yakikaa palepale muda mrefu, ya mbele yatakwisha huku ya nyuma bado yana kashata (michongo ya uso wa tairi) nzuri. Ndiyo maana tunayabadilishana nafasi, kwa kawaida kila baada ya kilomita 8,000 hadi 12,000, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Kuyahamisha kwenyewe si kazi ngumu. Kinachotaka utulivu ni ukaguzi wa kabla, na wengi tunauruka: jeki inaingia chini ya gari na hakuna aliyeinama kutazama tairi hata moja. Jinsi tairi lilivyolika hukueleza gari lina tatizo gani, na upande gani. Ukishalihamisha, ushahidi unahama nalo.

Basi anza na chaki. Andika ubavuni mwa kila tairi mahali lilipo: mbele kulia, nyuma kushoto, na kadhalika. Kisha tazama uso wake wote. Likiwa limelika zaidi katikati, limekuwa likijazwa upepo kupita kiasi. Likilika kingo zote mbili, upepo umekuwa pungufu. Likilika ukingo mmoja tu, fikiria alaimenti, yaani jinsi magurudumu yalivyopangwa kuelekea na kusimama.

Macho peke yake hayatoshi. Hakikisha hakuna waya wala msumari uliochomoza, kisha pitisha kiganja taratibu juu ya kashata, kutoka ndani kwenda nje, halafu urudi. Mkono ukienda unateleza na ukirudi unakwaruzwa kama umepitishwa kwenye meno ya msumeno, magurudumu yako hayaelekei sawasawa, na tairi linaburuzwa kiubavu huku likizunguka. Ukikuta vijibonde vinavyopishana na vijilima kulizunguka tairi, shuku shokapu zilizochoka, au balansi, yaani uzito wa gurudumu usiogawanyika sawa. Hitilafu hizi zote hutengenezwa kabla ya kuhamisha, si baada.

Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kuhamisha matairi bila kuyakagua. La mbele kushoto lilikuwa limelika ukingo wa ndani, ambao ukiwa umesimama pembeni ya gari huuoni. Likaenda nyuma, zima likaja mbele mahali pake, nalo likaliwa vilevile. Matairi mawili yaliharibika kwa kosa ambalo alaimenti moja ingelimaliza.

Pima pia kina cha mifereji. Ndani yake kuna vinundu vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukilingana navyo, kina kimebaki takriban milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha chini kisheria katika nchi nyingi. Tairi la namna hiyo halihamishwi, linatupwa. Kadhalika lenye nyufa au uvimbe ubavuni.

Sasa amua lipi liende wapi. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ya mbele hurudi nyuma moja kwa moja, na ya nyuma huja mbele kwa kupishana: la kulia kushoto, la kushoto kulia. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwa kawaida lile la kutumia magurudumu yote manne, hufanya kinyume chake: ya nyuma huja mbele moja kwa moja, ya mbele hurudi nyuma kwa kupishana. Lakini soma ubavu kwanza. Tairi lenye mshale wa mwelekeo hubaki upande wake, linabadilishana tu mbele na nyuma. Na kama saizi za mbele na nyuma zinatofautiana, mpango huo wote haukuhusu. Spea nyembamba ya dharura usiiingize kwenye mzunguko.

Upande wa vifaa, tafuta mapema ufunguo wa nati ya kufuli (nati maalumu ya kuzuia wizi wa magurudumu) kama gari lako linayo, maana hicho ndicho kitu kinachopotea kuliko vyote. Egesha mahali pagumu na tambarare, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati gurudumu likiwa bado limekanyaga ardhi. Gari likishainuliwa, lipumzike juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia, na usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Sugua kutu kwenye uso wa habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) kwa brashi ya waya ili rimu ikae sawa. Kaza nati kwa kuruka-ruka kama unachora nyota, si kwa kufuatana, na umalizie kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu. Zirudie baada ya kilomita 80 hadi 100.

Upepo nao upange upya matairi yakiwa ya baridi, kwa kuwa mbele na nyuma mara nyingi havilingani. Vipimo huwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Halafu andika mahali kilomita za siku hiyo, na ulichokiona kwenye kila tairi. Safari ijayo utakuwa na cha kulinganisha.