Kusafisha shiti za 4x5 nyumbani Kampala kwa trei na mikono

Leo nawaonyesha vile mimi nasafisha filamu za shiti, yaani vipande bapa vya filamu ya kamera, sio roli, zile za inchi 4 kwa 5, kwenye bafu la nyumba ya kupanga hapa Ntinda. Mashine haihitajiki. Unahitaji giza la kweli, trei nne, na mikono inayojua kazi kabla hujazima taa, na hiyo ya mikono ndio watu wengi wanairuka.

Hatua ya 1: zoezi la mchana

Chukua shiti 4 zilizoharibika, weka maji kwenye trei, fumba macho. Toa ile ya chini kabisa pole pole, iweke juu, ibonyeze izame kwa nyama ya kidole sio kwa kucha, halafu rudi chini uchukue inayofuata. Fanya hivyo dakika 10 nzima bila kuchungulia. Mimi mara ya kwanza sikufanya zoezi, nikaingia gizani na shiti yenye picha ya jjajja yangu (mzazi wa mzazi wangu) aliyekaa mkekani pale Masaka, ikatoka na mkwaruzo umepita katikati ya uso, na jjajja alifariki kabla sijarudi kumpiga picha nyingine. Kwa hiyo kata kucha na ufanye zoezi, tafadhali.

Hatua ya 2: giza

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta kwa hiyo saa moja na nusu jioni giza limeshaingia, mwaka mzima, mimi naanza saa mbili. Ziba dirisha kwa kavera nyeusi (mfuko wa plastiki) mara mbili, weka taulo chini ya mlango, kisha kaa humo ndani dakika 10 macho yazoee, ukiona hata kauzi ka mwanga ziba. Taa nyekundu hapana, filamu kama FP4 Plus, hii ya nyeusi na nyeupe ninayotumia, inaona rangi zote na nyekundu ikiwemo. Saa yenye mishale inayong'aa vua. Simu inabaki nje ya mlango imelala kifudifudi, lakini kabla ya hapo najirekodi sauti yangu nikihesabu dakika, "moja imeisha, mbili imeisha", halafu naiacha icheze huko nje na mimi naisikia nikiwa ndani, hiyo ndio taima yangu.

Hatua ya 3: dawa na joto

Hapa ndio sisi wa Kampala tunatofautiana na vitabu. Vitabu vinasema nyuzi 20, maji ya bomba letu mara nyingi ni 24 hivi. Zamani nilikuwa nahangaika na barafu, dawa inashuka hadi 20 halafu mikono inaipasha tena, mwisho sijui nimesafisha kwa joto gani. Sasa nimeacha. Nachota maji yote kwenye jerikani moja mapema, yakae pamoja chumbani, nipime kwa themomita, halafu nabadilisha muda badala ya kubadilisha maji. FP4 Plus kwenye ID-11, dawa ya kutokeza picha, iliyochanganywa nusu dawa nusu maji ni dakika 11 kwa nyuzi 20. Kila digrii ikipanda toa kama asilimia 10, kwa hiyo kwenye 24 unabaki na 7 na nusu hivi, na kwa vile kwenye trei unazungusha bila kupumzika punguza tena kidogo, mimi nasimama kwenye 6 na nusu. Usitumie ile dawa kali isiyochanganywa, muda utashuka chini ya dakika 5 na hapo filamu inatoka na mabaka.

Trei ziwe kwa mstari: maji matupu, dawa lita 1, stopu (ya kusimamisha dawa), fiksa (ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga). Stopu yangu ni siki nyeupe kipimo 1 kwa maji 4. Zote ziwe na joto moja, maana filamu ikitoka kwenye joto ikaingia baridi ghafla ule utando wa picha unaweza kujikunja kama ngozi ya maziwa. Vaa glavu, metoli iliyo ndani ya dawa inawasha ngozi ya watu wengine vibaya sana.

Hatua ya 4: gizani

Zima taa. Toa shiti kwenye holda (kile kibebeo cha filamu cha kamera), vipengo, ile mikato midogo ya ukingoni unayoipapasa kwa kidole, viwe kona ya juu kulia, hapo upande wa picha unakutazama, na ubaki juu safari yote. Ya kwanza igeuze vipengo viangalie upande mwingine, ukiigusa tena unajua mzunguko umeisha. Ingiza kwenye maji moja moja, subiri sekunde 15 kati yao, kwa sababu kavu ikikutana na iliyolowana zinagandana na kuzitenganisha bila kuchubua ni shida. Dakika 3 kwenye maji, kisha kwenye dawa, mzunguko mmoja wa shiti 4 kila nusu dakika. Stopu sekunde 30. Fiksa ya haraka ya 1 kwa 4, dakika 5, na baada ya dakika 3 unaweza kuwasha taa. Hapo ukiinua shiti na kuona sura ya mtu imetokea, eh, mimi mpaka leo moyo unaruka.

Hatua ya 5: kuosha na kukausha

Badilisha maji mara 10 hadi 12, kila mara zikae dakika moja mbili, unatumia maji kidogo kuliko kuacha bomba wazi. Mwisho tone la sabuni ya vyombo, tone kweli, kwenye maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa. Ning'iniza kwa kona humo humo bafuni, usifungue dirisha, vumbi jekundu la barabara likishika filamu mbichi halitoki. Fiksa iliyotumika usimwage kwenye mtaro, ina fedha ndani, iweke kwenye jerikani yenye alama mbali na watoto.

Asubuhi weka kila shiti kwenye bahasha ya karatasi, uandike tarehe, mahali na jina la mtu. Zile negativu 70,000 za wakati wa Idi Amin zilizopatikana UBC, shirika la utangazaji la Uganda, mwaka 2015 zilikuwa kwenye bahasha zilizoandikwa hivyo hivyo, ndio maana mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yaliweza kuonyesha picha na kusema ni lini na ni nini. Andika kwa penseli, wino unapenya.