Corolla iliyochoka: maji kwanza, rangi baadaye

Wengi wakinunua Toyota Corolla 110 ya bei ya chini hukimbilia rimu na rangi. Kama mfuko ni mdogo, nakusihi shilingi ya kwanza iende kwenye maji, yaani mfumo wa kupoza injini. Gari hizi zinavumilia mengi, lakini kuchemsha kunaziua.

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Ikiwa ya moto usiuguse, maji yataruka na presha yakuunguze uso. Ukikuta rangi ya kutu, kazi umeshaiona. Chomoa na kijiti cha oili. Oili ikiwa nyeupenyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia humo, na mara nyingi ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imeungua. Hapo usiendelee na mengine, tafuta fundi wa injini.

Sasa uliza swali ambalo wauzaji hawalipendi: thamostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, ipo? Mafundi wengi mjini huing'oa gari ikichemsha, wakisema huku kwetu kuna joto, haihitajiki. Si kweli. Bila thamostati injini inachelewa kupata moto wake, na kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada kana kwamba ndiyo kwanza umewasha. Halafu unalalamika gari inakula mafuta!

Fungua kikombe chake pale mpira wa rejeta unapoingia kwenye injini. Ukiikuta, ipime jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, uwashe moto. Nyingi za Toyota za umri huu zimegongwa namba 82, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka. Maji yakikaribia kuchemka iwe imeachama vizuri. Ikipoa ijifunge yenyewe. Ikigoma, nenda nayo kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, Dar, ukanunue inayofanana nayo, pamoja na mpira wake mpya wa kuzibia. Ukiirudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndipo hewa inapotokea.

Suuza rejeta mpaka maji yatoke meupe, kisha weka kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini. Maji ya kisima sitaki hata kuyasikia, visima vingi vya Dar vina chumvi na chumvi inakula rejeta. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, hita kwenye moto, uongeze kulanti kadiri mapovu yanavyotoka. Subiri feni ijiwashe yenyewe. Feni iliyoungwa moja kwa moja na swichi, irudishie sensa yake.

Plagi, oili na filta zake ni kazi ya jioni moja, hazina maneno.

Breki zinataka utulivu. Weka mawe kwenye matairi ya nyuma, piga jeki, halafu egemeza gari kwenye stendi kabla hujaingiza hata mkono. Jeki peke yake huwa inateleza. Pedi zikibaki milimita 3, badilisha upande wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, na kabla ya kuondoka kanyaga pedali mpaka iwe ngumu, maana mara ya kwanza itazama hadi chini.