Homa baada ya ablesheni ya moyo: usiishie kwenye kipimo cha malaria

Ablesheni ya fibrilesheni ya atria (mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio) huunguza kwa joto au kugandisha kwa baridi sehemu za chumba cha juu kushoto cha moyo zinazovuruga mapigo. Wengi hurudi nyumbani salama. Shida ni kwamba madhara mabaya zaidi huja wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa mbali na waliomtibu, pengine alitibiwa India na sasa yuko Mwanza au Kisumu.

Kabla ya kuondoka hospitalini, dai barua fupi yenye tarehe ya ablesheni, upande wa moyo uliotibiwa, njia iliyotumika, dawa zako na simu ya kitengo. Tembea nayo kwa angalau miezi mitatu.

Siku za mwanzo, angalia kinena kilipopitishwa katheta, yaani mrija mwembamba uliofikishwa moyoni. Michubuko na uvimbe mdogo ni kawaida. Damu ikitoka, lala chali, mtu akandamize kwa nguvu juu kidogo ya tundu kwa dakika 10 hadi 15, bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, aendelee kukandamiza mkiwa njiani kwenda hospitali. Uvimbe unaokua au kudunda, au maumivu makali ya kiuno au mgongo pamoja na kizunguzungu, huenda ni damu inayovujia ndani. Kwa wiki moja usibebe ndoo ya maji wala mtoto.

Kifua kuuma unapovuta pumzi, na kupata nafuu ukiinama mbele, mara nyingi ni utando wa moyo uliochokozwa. Usijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni: ukiwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Ukizimia, ukitoka jasho baridi au kuhema sana, damu inaweza kuwa imejaa kwenye mfuko wa moyo na kuubana. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo: inahitajika ECHO (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), na pengine sindano ya kuinyonya damu hiyo. Inaweza kutokea hata siku kadhaa baada ya kuruhusiwa.

Dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe wafarini, apiksabani au rivaroksabani, haikatwi kabla ya miezi miwili hata ukijisikia mzima. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigoma, kimbia hospitali na kumbuka saa dalili zilipoanza.

Sasa jambo linaloua. Umio, yaani mrija wa chakula, hupita nyuma kabisa ya chumba cha kushoto cha moyo, na ukuta kati yao ni mwembamba. Joto likiuunguza umio, kidonda huchimbika taratibu hadi tundu lifunguke kati ya umio na moyo. Hewa na vijidudu huingia kwenye damu na kupanda ubongoni. Ni nadra, lakini wengi wanaolipata hufa, hasa likichelewa kutambuliwa. Kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki ya kwanza na ya nane: homa na baridi, maumivu ya kifua au ya kumeza, kutapika damu, kuchanganyikiwa, degedege au dalili za kiharusi. Mara nyingine homa ndiyo pekee inayotangulia, na kwetu homa hupewa dawa ya malaria au taifodi mgonjwa akarudishwa nyumbani.

Pima malaria, sawa. Lakini hata jibu likiwa chanya, onyesha barua na omba siku hiyohiyo kipimo cha CT (picha za eksirei za kompyuta) cha kifua chenye dawa ya kung'arisha mishipa. Usile wala kunywa. Kataa kuingiziwa kamera au kifaa chochote kwenye umio: endoskopi hupuliza hewa, na hewa hiyo ikisukumwa moyoni inaweza kuleta kiharusi au kifo palepale. CT ya kwanza ikiwa safi na dalili zikaendelea, irudiwe. Tundu likithibitika, mgonjwa ahamishiwe haraka penye upasuaji wa kifua.

Mapigo kuvurugika tena katika miezi miwili ya mwanzo hakumaanishi tiba imeshindwa. Tishu bado zinapona. Mjulishe daktari wako tu.

Miezi baadaye, kikohozi kisichoisha, kuhema au makohozi yenye damu vinaweza kutokana na kusinyaa kwa mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Hali hii hudhaniwa nimonia au kifua kikuu. Dawa zisipofanya kazi na makohozi hayana vimelea vya TB, omba CT ya mishipa hiyo.